Nyumba Juu ya Shamba la Magimbi

Mjomba wangu ndiye aliyemuua mama yangu, na fundi akamsaidia. Naandika hivi kwa sababu siku ya mazishi kanisani walisema ni mvua, maana mvua haiwezi kujitetea.

Kwetu, kule juu Mgeta, ardhi ni ya upande wa mama, na anayeigawa ni mjomba. Nilipotaka kumjengea mama nyumba ya matofali, mjomba alitupeleka bondeni, kwenye shamba la zamani la magimbi. Pakavu pa juu alipabakiza kwa kabichi zake. Mtoto yeyote wa kwetu anajua gimbi hustawi pale maji yanapolala. Hata mimi nilijua, nikasema asante mjomba.

Fundi alichimba msingi hadi usawa wa magoti, akakuta tope jeusi. Badala ya kushuka mpaka kwenye udongo mgumu, alijaza kifusi, akakishindilia kwa gogo asubuhi moja tu, akapanga mawe juu yake.

"Dada, hapa hata ghorofa linakaa," akasema, ugali wangu mdomoni.

Masika ya kwanza mlango wa chumba cha mama ukaanza kukwama. Fundi akaupiga randa. Ukakwama tena, akaupiga tena, mpaka juu ukawa na mwanya wa kupitisha ngumi huku chini unakwangua sakafu. Kisha ufa ukatokea kwenye kona ya dirisha, ukashuka kingazingazi ukifuata maungio ya matofali, juu mpana, chini mwembamba. Sakafu ikaachana na ukuta, siafu wakapata njia. Nyanya ukiiweka chini, inabiringika yenyewe kuelekea upande wa bondeni. Ufa wa lipu ni kama unywele na unabaki hivyohivyo miaka yote. Huu ulikuwa unakua. Kila Jumapili nikitoka misa nilichora alama ya mkaa pale ulipoishia.

Mjomba akaziona.

"Unaandika nini ukutani, mpwa wangu?"

"Naupima ufa, mjomba."

"Unaupima au unanitangaza? Watu wapite waseme nimempa dada yangu tope?"

"Kwani si tope?"

Akacheka, akamgeukia mama. "Huyu ulimzaa mwenyewe, au ulimwokota sokoni Mlali?"

Mama hakucheka. Alichukua kitambaa kibichi akafuta alama zangu zote, moja moja, kaka yake akiwa amesimama anamwangalia. Fundi akaitwa, akaziba ufa kwa saruji, akapaka chokaa. Wiki ya pili ukapasuka palepale.

Nikapata chumba cha kupanga mjini, Kilakala. Nikamwambia mama tuhame kabla ukuta haujatulalia.

"Nikihama nitakuwa nimekiambia kijiji kizima kwamba kaka yangu ni mwongo."

"Si mwongo?"

"Ni kaka yangu. Wewe nenda."

Sikwenda. Ningeweza kumbeba mgongoni, alikuwa mwepesi kama tenga tupu. Sikumbeba, kwa sababu nilitaka akubali mwenyewe kwamba mimi ndiye niliyekuwa nasema kweli. Kwa hiyo na mimi niandikeni, wa tatu.

Ukuta wa bondeni ulianguka saa nne asubuhi, jua kali, mvua ilikuwa imekatika tangu juzi yake. Mama alikuwa kitandani anachambua maharage. Nilisikia mlio kama kuni kavu inavunjwa, nikakimbilia chumbani kwake, nikauvuta mlango, ukagoma. Nikiwa bado nauvuta, paa likashuka, matofali yakaniponda nyonga. Mpaka leo natembelea fimbo.

Tulilala pale wawili, kati yetu ule mlango. Nilimwita. Alikuwa hai, namsikia anahema. Nikamwambia, "Mama, nipo hapa." Hakuniitikia. Aliita kaka, kaka, mpaka sauti ikaisha, na kaka yake alikuwa hapo juu tu kwenye kabichi. Alipofika, alisimama kwanza akaniuliza mimi niliyekuwa nimebanwa: "Umewaambia watu nini?"