Lodi Hana Mrithi

Juzi jioni, kwenye treni kutoka Westmead, mbele yangu walikaa wanawake wawili waliotoka kazini kwenye makao ya wazee, Mkongomani na Mrundi. Mkongomani alikuwa amevua kiatu kimoja, anajikanda mguu.

"Yule mzee ninayemuogesha ni lodi," alisema. "Mfalme wa Uingereza alimpa babu wa babu yake hicho cheo kwa sababu ya vita, wakarithishana mpaka kikamfikia yeye. Sasa kitakufa naye."

"Hana watoto?"

"Iko na watatu! Lakini wote mabinti. Cheo kinataka mwanaume, na ukoo mzima hakuna hata mmoja. Binti mkubwa ndiye anakuja kumkata kucha kila Jumapili. Nikamwambia, 'Dada, si ukichukue wewe?' Akacheka tu." Akajipiga paja. "Wazungu hawa! Heri kitu kife kuliko kumpa binti!"

Mrundi alitikisa kichwa, kisha akauliza taratibu, "Baba yako si alikuwa chifu kule kwenu? Alipofariki, kiti alikalia nani?"

"Kaka yangu mdogo."

"Na mzaliwa wa kwanza ni nani?"

Mwenzake akainama, akavaa kiatu, akafunga kamba polepole.

"Ile ni kitu ingine," akasema.

Treni ilipofika kituo cha Quakers Hill, wakashuka. Sheria ya Waingereza imeandikwa, siku moja mtu anaweza kuifuta. Yetu haijaandikwa popote. Sasa utafuta nini?