Panga Jeusi la Kukatia Kayaba

Ninajua kila kitu kuhusu mapanga, isipokuwa kuchagua. Jumamosi, sokoni Nyeri, nilitafuta panga la kufyekea ua wa kayaba, ile miti ya miiba migumu, kibarua changu cha kwanza cha maana. Nikashika linalong'aa.

Mama mmoja aliyekuja kununua jembe akaninyang'anya, akaligonga kwa ukucha, akatega sikio.

“Hii ni bati, kijana. Saa nne itakuwa imepinda, na wewe umefutwa kazi.”

Akagonga jeusi lililofuliwa kwa springi ya lori, nusu ya bei. Likalia kama kengele.

“Lakini ni mbaya, mama!”

“Kwani unaioa?”

Kufikia Jumatano, wenzangu wawili wenye mapanga ya kung'aa walikuwa wamerudishwa nyumbani. Mwenye shamba akanisifu kwamba ninajua chuma. Sikumkatalia.

Mama, asante sana. Ninakushukuru hapa gazetini kwa sababu mwenye shamba hasomi magazeti.