Pombe ya Mahindi ya Msaada

Mahindi ya msaada yalikuwa na harufu yake. Gunia lilipofunguliwa ilitoka harufu ya vumbi la ghala na ya katani iliyolowa ikakauka tena, na ndani yake punje zilikuwa za njano kama kiini cha yai. Sisi wa kijiji cha Ganako tulizoea mahindi meupe, na watoto wengine walidai kwamba hayo ya njano huko ng'ambo hulishwa kuku. Tuliyala hata hivyo. Ulikuwa ukame uliotangulia Uhuru. Upepo mkavu ulishuka kutoka msitu wa Ngorongoro ukapeperusha udongo mwekundu mpaka ndani ya tembe letu, nami nilikuwa nimefikia umri wa kutwanga peke yangu. Niliishi na bibi, mzaa mama, ambaye kwa Kiiraqw tulimwita Ama. Mumewe alikuwa amefariki, na wanawe wawili walikuwa wamekwenda kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge. Shamba letu lilikuwa kubwa kuliko mikono yetu.

Mawingu yalipoanza kujikusanya upande wa msitu, Ama alifanya jambo ambalo lilizungumzwa Ganako nzima. Alichukua karibu nusu ya mgawo wetu, akanituma nitwange, akaloweka unga na kuuacha uchachuke. Kisha aliukaanga juu ya bati, akaupika, akauchanganya na kimea cha ulezi kidogo aliokuwa ameuhifadhi darini pamoja na mbegu zetu za mahindi meupe. Tembe likajaa harufu tamu yenye uchachu, na tumbo langu lenye njaa likaipokea kama habari njema. Ama alikuwa anapika pombe ya kulimiwa. Kwetu, mwenye shamba asiye na watu wa kumsaidia hupika pombe na kuwaita majirani. Nao huja asubuhi na majembe, hulima wakiimba, na shamba likiisha ndipo hukaa kunywa. Hapana anayelipwa. Lakini kuwaita watu bila kuwaandalia kitu ni kuwadharau, na mwaka ule hakuna aliyethubutu kupika, kwa kuwa karibu nafaka yote iliyokuwapo ilikuwa ya serikali.

Jumbe, mkuu wa kijiji, aliitisha baraza. Shauri lilikuwa moja tu: je, mwanamke aliyepikia pombe mahindi ya msaada aendelee kupewa? Aliyepinga kwa nguvu zaidi alikuwa Katekista Paulo, jirani yetu. Hakuwa mtu mbaya. Mgonjwa akishindwa kutembea, Paulo ndiye aliyembeba.

"Mahindi haya yameletwa kwa ajili ya matumbo ya watoto," alisema. "Tukinyamaza leo, kesho kila nyumba itakuwa kilabu. Na bomani wakisikia, watasema watu wa Ganako wameshiba. Watatunyima sote."

Watu waliitikia kwa vichwa, maana hoja hiyo ya mwisho ilikuwa nzito. Ndipo aliposimama Mzee Saidi, mwenye duka kule Karatu mjini, ambaye lori lake ndilo lililoleta magunia.

"Mimi pombe sinywi wala siuzi," alisema. "Ila nauliza. Mama huyu alipouza kondoo akanunua kwangu kitambaa cha msiba, mbona hamkuita baraza?"

"Kondoo alikuwa mali yake, Mzee Saidi," Paulo alijibu.

"Na mahindi, akishapewa, ni ya nani?"

"Ya lori lako," sauti moja ilijibu kutoka nyuma, na baraza lote likacheka, Mzee Saidi akiwamo.

Jumbe hakucheka sana. Aligeuka, akaniona, akaniita mbele. "Wewe binti, jana mlikula nini?"

"Mboga ya mnafu."

"Na ugali?"

"Ugali hapana."

Mnong'ono ulipita kati ya watu, nami nikajua kwamba jibu langu linaweza kutunyima mgawo unaofuata. Ama alisimama taratibu, akarekebisha shuka lake begani.

"Mtoto amesema kweli," alisema. "Nami nilikula mnafu huohuo. Jumbe mwanangu, mvua ikinikuta na shamba gumu, mwakani nitakuwa hapa tena nakinga gunia. Na mwaka wa pili wake. Nimechoka kukinga."

"Basi ungetuomba tu, Ama," Paulo alisema. "Tungekuja kukulimia."

"Ungekuja, najua. Kisha kila tukikutana njiani ningeinamisha macho. Ukinywa kwangu, tumemalizana."

Jumbe aliamua kwamba mgawo wa Ama usimamishwe mpaka siku ya kulima. Shamba likilimwa, atapewa. Watu wakija kunywa tu, ataondolewa kabisa. Asubuhi ya siku hiyo nilisimama mlangoni kwa hofu, kwa sababu watu wenye njaa hawana nguvu za kulimia wengine. Wa kwanza kutokeza kwenye ukungu alikuwa Katekista Paulo, jembe begani.

"Sijabadili mawazo," alisema kabla ya salamu.

"Shamba halijakuuliza mawazo," Ama alijibu. "Anzia kule kwenye mawe."

Wengine walifuata mmoja mmoja, na jua lilipofika utosini udongo wote ulikuwa umegeuzwa. Paulo alikunywa uji ambao Ama alimtengea, akalalamika kwamba ni mwepesi. "Unga mwingine si niliupikia pombe," alisema Ama, na hata Paulo alishindwa kujizuia kucheka. Jumbe alimaliza kibuyu chake mpaka machicha, akatangaza kwamba mgawo wetu umerudi. Mvua ilinyesha, baadaye ikazidi, ikaharibu sehemu ya mazao, lakini tulichovuna kilikuwa cheupe na kilikuwa chetu. Paulo aliendelea kuhubiri dhidi ya pombe, na msimu uliofuata alikuja tena kulima.

Leo, baada ya masomo ya chuo, nafanya kazi katika maendeleo ya jamii, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni vikao. Humo nasikia kwamba maskini akipewa msaada hununua redio, au kanga, au hunywa. Sikatai kwamba wapo wanaopoteza. Nimemwona baba akinywa chakula cha wanawe. Wala siamini kwamba Ganako ilikuwa na watu wema kuliko sisi. Tofauti ninayoiona ni kwamba kule anayesemwa alisimama kati ya wanaomsema, akawajibu, na waliompinga walimtazama usoni. Mwezi uliopita tulikuwa tukijadili kina mama wa kata ya Baray waliouza sehemu ya mbegu walizopewa. Niliomba waitwe. Waliitwa, wakaja wengi kuliko tulivyotazamia, na mwenyekiti akasema kwamba chumba hakitatosha, labda wachague mmoja wa kuwasemea. Wakasema hapana. Basi tulibeba viti vyetu, tukatoka nje, tukaketi nao.