Miwani ya Kioo Kimoja

Ipo harufu ya vumbi linaloungua polepole juu ya kitu cha umeme. Wengine wakiisikia hukimbilia kuchomoa waya. Mimi hutafuta mahali pa kukaa. Ndiyo harufu ya televisheni ya utoto wangu, ambayo kama pasi ya makaa ilitaka ipate moto kwanza ndipo ikubali kutuonyesha uso wa mtu.

Tulikaa kota za polisi, chini ya kilima cha Old Kampala, sebule na chumba. Baba alikuwa sajini, mtu wa Arua, mrefu, mwenye maneno machache. Mama alikuwa Mnubi wa Bombo, fundi wa kushona, na maneno yote aliyoyabakiza Baba aliyasema yeye. Televisheni ilikuwa ya mke wa mwenye duka mmoja Mhindi, ambaye Mama alimshonea kwa miaka. Wahindi walipoamriwa kuondoka nchini, yule mama alikuja mwenyewe, mtumishi wake akiwa amelibeba lile sanduku kichwani. Alimkumbatia Mama pale mlangoni, akalia kidogo, akaondoka bila kuketi. Mama aliitandikia televisheni kitambaa alichokifuma kwa mkono, na kwa muda mrefu hakutaka tuiite yetu.

Watoto tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu Mariamu. Mariamu alijulikana kota nzima kwa kumwaga vitu. Alimwaga maji, alimwaga unga, alijigonga kwenye mlango ulio wazi. Akimimina chai, chai ilipita kando ya kikombe kana kwamba ina safari zake. Leo mnaweza kucheka. Lakini siku zile sukari ilikuwa imepotea madukani, na Mama aliamka alfajiri kupanga foleni, pengine arudi na mfuko mtupu. Chai yenye sukari ikimwagika, sote tuligeuka kumtazama Baba. Baba alikuwa na neno lake moja, kwa Kiswahili cha kambini: "Wewe mtoto, macho yako iko wapi?" Mara nyingine neno lilifuatwa na kofi. Mariamu hakujitetea. Alichukua tambara, akapangusa, akaenda kukaa karibu na mlango.

Mjomba Kassim, kaka yake Mama, alifanya kazi Port Bell, kwenye meli zilizovusha mabehewa ya reli ziwani. Kwa sababu hiyo alikutana na watu wa kila aina, na kila aina ilimuuzia kitu. Jumapili moja alasiri alitokea mlangoni akiwa amevaa miwani. Mama alipoona cheusi kile machoni alishika kifua. Siku zile miwani nyeusi ilikuwa na wenyewe, watu wa usalama. Walikuja kwa gari, na aliyeondoka nao hakuulizwa kwa sauti.

"Kassim! Utaniua bure!"

Mjomba aliivua akicheka. Ilikuwa ya plastiki nyekundu, nyepesi kama ganda la njugu. Upande wa kulia ilikuwa na kioo cheusi. Upande wa kushoto haikuwa na kioo chochote.

"Wamekuuzia miwani mbovu," alisema Mama.

"Si mbovu, dada yangu. Ndivyo ilivyo. Mtu wa Kisumu ameniapia, ukivaa hii televisheni inatoka nje. Watu wanakuja mpaka hapa sebuleni."

"Sitaki watu sebuleni kwangu. Waliopo wananitosha."

Tuliwasha. Tulingoja harufu, kisha picha ikaja. Msomaji wa habari alikaa vilevile alivyokaa siku zote, bapa kama stempu, na Mama akacheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Baada ya habari likaja gwaride, na miwani ilikuwa zamu yangu. Niwaambieni nilichokiona. Askari walipopita kutoka kushoto kwenda kulia, walitoka nje ya kioo cha televisheni. Walitembea hewani, mbele yake, juu ya kitambaa cha Mama. Wengine walipopita wakielekea kushoto, walizama ndani kabisa, kama wako chumba cha nyuma. Nilinyoosha mkono niwashike. Nilipoivua miwani, walirudi kuwa bapa.

Ikawa ni kunyang'anyana. Mama alivaa, akapiga ukelele wa "Ya Allah!" na kuvuta kiti nyuma. Baba alirudi kutoka zamu, akakataa upuuzi huo, kisha akavaa. Gwaride lilikuwa limekwisha na sasa walicheza ngoma, mstari wa wachezaji ukipita huku na huko. Nilimwona sajini, buti zake miguuni, akikunja miguu polepole chini ya kiti ili asikanyagwe. Sikuwahi kumwona Baba akicheka namna ile, kimyakimya, mabega yakitikisika.

Halafu Mariamu akavaa.

Alitazama kwa muda. "Kumekuwa usiku," akasema.

Mjomba aliigeuza miwani juu chini, kioo cheusi kikahamia kushoto. "Na sasa?"

"Sasa ni kama sijavaa kitu."

"Hawatoki?"

"Wanatoka kwenda wapi?"

Mimi na Mjomba tulicheka. Baba hakucheka. Alichuchumaa mbele ya Mariamu, akamvua miwani, akamziba jicho la kushoto kwa kiganja na kuinua mkono mwingine.

"Vidole ngapi?"

"Viwili."

Akahamisha kiganja hadi jicho la kulia. "Vidole ngapi?"

Mariamu alingoja. Kisha akasema kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mkubwa jambo dogo, "Toa mkono kwanza, Baba, nihesabu."

Nyuma yetu ngoma iliendelea kulia. Mama alikwenda akazima televisheni.

"Mariamu, mwanangu, hili jingine halioni?" aliuliza. "Tangu lini?"

"Hilo ni la akiba," alisema Mariamu. Alitutazama mmoja mmoja. "Ninyi lenu la akiba ni lipi?"

Kesho yake Baba hakwenda kazini. Alivaa sare yake safi, akamshika Mariamu mkono, wakaenda hospitali. Bingwa wa macho alikuwa amekwisha kuikimbia nchi, kama wengi wenzake. Walimkuta daktari kijana, aliyemulika tochi na kusema jicho kwa nje ni zima, ndani limezimika, pengine ni ile surua iliyompata akiwa mdogo. Dawa hakuna. Mtunzieni lililobaki.

Jioni ile Mama alileta birika na vikombe kama kawaida. Baba alisema, "Leo namimina mimi." Hakuwa amewahi kumimina chai maishani mwake. Alifunika jicho lake la kushoto kwa kiganja, akainua birika, akamimina. Chai ilianguka nje, ikajaa sinia, ikamwagikia suruali yake ya kaki. Akajaribu tena. Ikamwagika tena. Mimi niliitazama sukari ile ikitiririka na nikaona kwamba baba yangu amechanganyikiwa.

Mariamu alisogea kutoka mlangoni. "Baba, gusisha kwanza mdomo wa birika kwenye kikombe," alisema. "Usikie inagonga. Halafu umimine."

Baba aligusisha. Ikagonga. Akamimina, na kikombe kikajaa.

"Kumbe," alisema. Akampa Mariamu kile kikombe.

Miwani ya Mjomba ilivunjika kabla mwezi haujaisha. Ukubwani nilikutana na fundi wa vyombo vya macho, akanieleza kwamba jicho lililofunikwa kioo cheusi huchelewesha habari kidogo, kwa hiyo kichwa kinaletewa mtu yuleyule akiwa mahali pawili, na kukata shauri kwamba yuko karibu zaidi au mbali zaidi. Hakuna uchawi. Kinachotakiwa ni mtu apitaye, na macho mawili mazima ya kumtazama. Nilimshukuru, ingawa hilo silo lililokuwa likinisumbua. Lililonisumbua ni ile chai.

Mjini kwetu, miaka ile, sijapata kumsikia mtu mwenye sare akikiri kwa yeyote kwamba yeye amekosea, sembuse kwa mtoto. Sidhani kama Baba alikuwa na maneno ya kufanyia kazi hiyo. Alikuwa na birika, na sukari iliyobaki, na sisi tukimtazama. Kwa miaka nilidhani alikuwa akijaribu tu kujua jicho moja linaonaje. Nilikuwa nimekwisha kuwa mama mwenyewe, nimekwisha kumpiga mtoto wangu kwa kosa lisilokuwa lake, ndipo nikaelewa kwamba alikuwa akiomba radhi, na kwamba aliichagua njia ngumu kuliko zote, ya kuaibika mbele ya watoto wake kwa kosa lilelile alilokuwa akimpigia mmoja wao.

Mariamu hakuhitaji miaka hiyo yote. Jioni ile alikinywa kikombe chake chote, ingawa kilikuwa cha moto, na aliposhiba akalala usingizi palepale, kichwa chake juu ya goti la Baba lililolowa.