Dizeli Ndani ya Mfupa

Matangi ya zamani yalikuwa na adabu. Yalikaa nje, ubavuni mwa mashine, yamefungwa kwa mikanda miwili ya chuma, na kila mtu aliyepita alijua hili ni la dizeli na lile ni la mafuta ya haidroliki. Tangi likipasuka, unafungua boliti nne, unaliteremsha, unalilaza juu ya matofali mbele ya karakana na kulitibu taratibu. Siku hizi nikiingia kambi ya barabara pale Mute, kusini ya mto Ruvuma, nakuta mashine laini, hazina kinundu popote, na moyo wangu hurudi kwenye yale matangi. Wenzangu hunicheka. Na wacheke.

Kazi yangu ni kuchomelea vyuma. Nilianzia Palma, kwenye kibanda cha mabati, kisha kampuni moja ya barabara ikanichukua kambini. Kuunga mageti na madirisha wanaweza wengi, lakini tangi lililokunywa dizeli miaka kumi hulikimbia. Mimi nilikuwa na utaratibu wangu. Nalimwaga, naliosha mara tatu kwa maji ya moto na sabuni ya unga, nalinusa, halafu nalijaza maji mpaka karibu na ufa, ndipo nawasha moto. Kinachoua si mafuta, ni ule mvuke unaobaki ndani mafuta yakishatoka. Kambi nzima ilikuwa na msemo wangu: tangi lenye njaa halichomwi. Waliutumia hata wao, mtu akitumwa kazi kabla hajala.

Dereva wa kijiko, ile mashine ya kubebea kifusi yenye koleo kubwa mbele, alikuwa binamu yangu, mtoto wa mjomba. Kwetu mabinamu ni watani, na utani si jambo la kuchekeana tu. Mtani ana haki ya kukuvua kofia mbele ya wakwe zako. Anakula chakula chako bila kuomba. Anakwambia sura yako imekaa kama mzigo uliokataliwa na mwenyewe, nawe huruhusiwi kukasirika. Mimi nina hasira za karibu, na nimeambiwa tangu utotoni kwamba hasira hasara, lakini kwake nilimeza. Kila asubuhi alinisalimu kwa tusi nami nikamrudishia tusi, ndipo siku ikaanza. Asubuhi moja hakunitukana, nikamshika paji la uso, na kweli alikuwa na homa.

Kijiko kipya kilikuja juu ya trela kutoka Pemba, mji wetu wa bandari, si kile kisiwa. Nikakizunguka kutafuta matangi, maana humo ndimo ilimo riziki yangu. Nilizunguka mara tatu. Nikaingia chini kwa tumbo, nikatoka na mchanga mdomoni. Niliona fremu tu, mihimili miwili minene ya chuma, kushoto na kulia, basi.

"Unatafuta nini, ntani wangu?" binamu akauliza kutoka juu.

"Tangi."

"Hii makina haina tangi. Wazungu wameacha mambo hayo. Asubuhi unaipa kikombe kimoja, jioni unaiombea dua."

Akaja injinia wetu, mtu wa kusini aliyeletwa kwetu na kazi, mpole, mwenye Kireno cha haraka. Akaupiga kofi mhimili wa kushoto na kueleza, na binamu, aliyekaa shule kuliko mimi, akanitafsiria. Mhimili ule ulikuwa na uwazi ndani, umezibwa huku na huku, na mafuta ya haidroliki yamo humo humo. Ndani zimesimamishwa sahani za chuma zenye matundu. Sahani hizo zinaufanya mhimili usikunjike, na pia zinazuia mafuta yasirukeruke mashine inapopita kwenye mashimo. Fremu imekuwa tangi, na tangi limekuwa fremu. Chuma kinapungua, uzito unakaa chini karibu na ardhi, na hakuna kinachoning'inia nje kikagongwa na jiwe.

Nilikasirika kana kwamba aliyebuni kitu kile alikuwa na ugomvi nami. Fremu kazi yake kupindwa na kunyongwa mchana kutwa. Tangi kazi yake kutulia lisivuje. Utaupaje mfupa kazi ya tumbo? Ufa mmoja wa fremu, na mafuta yako nje. Na utaulaza vipi juu ya matofali wakati mashine nzima imeusimamia? Injinia alitabasamu, akaenda zake. Binamu akabaki, uso wake hauna hata chembe ya kicheko.

"Na nfupa wa kulia wameweka maji ya kunywa ya dereva," akasema. "Kuna bomba dogo huko nyuma. Mie nshakunywa. Baridi!"

Jua lilikuwa kali. Nikachukua kopo langu, nikamfuata injinia nikamwuliza, kwa Kireno changu cha kununulia vijiti vya kuchomelea, bomba la maji ya dereva liko wapi. Alicheka mpaka akavua miwani. "Não há nada disso," akasema, yaani hakuna kitu cha namna hiyo. Mimi nilidaka mwanzo tu, não há nada, hakuna kitu, nikarudi na hilo kichwani: mfupa wa kulia ni mtupu. Dizeli nikajiaminisha iko nyuma, chini ya injini, mahali ambapo mkono wangu haukufika. Kifuniko chake sikuwahi kukiona, kilikuwa kimefichwa chini ya kidato cha ngazi, na gari la mafuta lilikuwa linakuja na kuondoka kabla sijafika kazini. Kwa miezi miwili kambi nzima iliniita Maji Baridi.

Naikumbuka miezi hiyo kwa mapenzi ambayo sikuyajua wakati ule. Tulikula pamoja kivulini mwa kijiko, ugali wa muhogo na samaki wa kukaanga kutoka Palma, na binamu alivuta kichwa cha samaki wangu huku akitangaza kwamba mtu wa maji hahitaji samaki. Nilimwita mwizi. Akasema wizi kafundishwa na shangazi yake, yaani mama yangu. Watu waliokuja kutoka mikoa mingine walidhani tutapigana.

Kisha mfupa wa kulia ukapasuka. Ulikuwa ufa wa shubiri moja, upande wa juu, karibu na kiungo ambapo mashine hujikunja katikati inapokata kona. Injinia alikuwa Palma kwenye mkutano, na msimamizi alitaka kijiko kirudi kazini kabla ya alasiri. Nikavuta nyaya zangu.

Binamu akateremka kwenye kiti chake. "Usichome hapo. Nfupa huo una gasóleo, dizeli kabisa."

"Baridi?" nikauliza. Watu wakacheka, na mimi nikafurahi, maana nilikuwa nimeingojea siku hiyo miezi miwili.

"Nnakwambia kweli. Imejazwa juzi mbele yangu."

Nikachukua nyundo nikagonga juu ya mhimili. Ukalia utupu. "Sikiliza ntungi wako," nikamwambia. Dizeli ilikuwa imepungua kwa kazi ya siku mbili, imebaki chini, na huku juu kwenye ufa palikuwa na mvuke mtupu. Jambo lile lile nililokuwa nikiwahubiria wengine. Harufu niliisikia, lakini mashine yote ilinuka dizeli, na mimi pia. Angekuwa ameniambia mtu mwingine yeyote, hata mpita njia mwenye kikapu cha muhogo, ningesimama.

Binamu akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu tuzaliwe. Hakunitukana. Alisema, "Ndugu yangu, tafadhali."

Na mimi nikasema moyoni, leo ameleta kiboko cha mizaha yote. Hilo ndilo nisilojisamehe. Mtu aliuweka utani chini ili aniokoe, nami nikadhani ameuinua zaidi. Nikashusha kinyago usoni, nikagusisha kijiti.

Ufa ulikohoa. Moto ukatoka kwa ulimi mmoja mrefu, na kabla sijajua kitu nilikuwa nimevutwa kwa ukosi na kutupwa mchangani. Wakati mimi nachekesha watu, yeye alikuwa amekwisha kuloweka gunia kwenye pipa. Akalikandamiza juu ya ufa kwa mkono wake wote, akaegemea, hakuondoa mkono mpaka moto ulipokosa hewa ukafa. Mimi niliungua nyusi. Yeye ngozi ilimtoka kuanzia kifundo cha mkono hadi kiwiko.

Mama alipopata habari alisema neno moja tu: mzaha mzaha hutumbua usaha. Alisema akiniangalia mimi.

Kijiko tulikitengeneza wiki iliyofuata, safari hii injinia akiwepo. Tulimwaga dizeli yote, tukauosha mfupa mara tano, tukajenga tuta la kifusi na kukipandisha kijiko upande upande, ili tukijaza maji yafike mpaka chini kidogo ya ufa. Sikuwahi kuona jambo kama lile: mashine nzima imeinamishwa kwa ajili ya mshono wa shubiri moja. Nikachoma mshono wa kwanza mwembamba wa kuziba, juu yake wa nguvu, juu yake tena wa kufunika, nikipumzisha chuma kila mara kisije kikajipinda. Haukuvuja na haukupasuka. Hapo ndipo nilipowaelewa wale waliobuni, na nikiri, ni watu wenye akili. Mshono mmoja unabeba mzigo na unazuia mafuta, kwa hiyo hauruhusu fundi mvivu. Matangi yangu ya zamani yaliniruhusu mengi.

Binamu alikuja kutazama, mkono umefungwa bendeji nyeupe hadi juu. Maji yalipokuwa yanaingia mfupani akapaza sauti, "Mwonjesheni kwanza mwenyewe, anayapenda baridi!" Watu walicheka mpaka injinia, ambaye hakuelewa neno. Kisha wakaningoja nimrudishie. Nami nikamjibu kwa sauti ya chini, "Pole sana, ndugu yangu."

Nikaona uso wake ukianguka.

Toka siku hiyo nikawa mtu wa heshima kwake, na heshima hiyo ikatuharibu. Alinyang'anya sahani yangu, nikamwachia yote na kumwuliza kama ameshiba. Alinitukana asubuhi, macho yangu yakaenda kwenye ule mkono wenye ngozi inayong'aa na vidole viwili visivyokunjika, nikaitikia salama. Alivumilia kama miezi mitatu. Siku moja akaniambia, "Nkono wangu umepona. Wewe ndiwe hujapona." Kesho yake alinipita akasema, "Habari za asubuhi, fundi," akapanda kijiko chake. Niliumia kuliko ningepigwa.

Halafu bunduki zikafika Palma, watu tukatawanyika, sina haja ya kueleza zaidi. Yeye alishuka kusini na watoto wake, Pemba kwanza, kisha Montepuez. Mimi nilivuka Ruvuma nikakaa Mtwara, nikachomelea mageti. Mtwara walinitendea wema. Kila mtu alinipa shikamoo, hakuna aliyegusa samaki wangu. Nilikula nikamaliza sahani nzima mwenyewe, siku baada ya siku, na nilikonda.

Sasa nimerudi, na kambi ya Mute imefunguliwa tena. Karibu mashine zote zina mafuta mifupani, na vijana wanaochomelea huniuliza mimi mhimili upi una nini. Nawaonyesha moja baada ya moja. Nawaambia pia, mtu akikukataza moto, zima kwanza, mengine mtaongea baadaye, hata kama ni mwongo mashuhuri. Wanadhani ni hekima. Ni aibu tu niliyoizoea.

Mwezi uliopita simu ililia nikiwa nimekaa juu ya fremu ya kijiko, saa nne asubuhi. Alikuwa yeye, amepewa namba na mama. Tukaulizana hali. Tukaulizana watoto. Akaniambia mvua za Montepuez, nikamwambia mvua za huku. Akasema anashukuru Mungu, nikasema na mimi nashukuru Mungu. Tulikuwa tunazungumza kama makarani wawili wa ofisi tofauti, na nikasikia anavuta pumzi ili aage. Nilijua akiaga hivyo ndiyo imekwisha, hatanipigia tena ila kwa msiba.

Nikasema, "Nasikia ule nkono wako ulitoka nusu mbichi. Ulete, nimalizie."

Nilihesabu malori mawili ya kifusi yakipita barabarani. Nikafikiri, nimemuua sasa, safari hii kwa mdomo.

Kisha akanitukana. Lilikuwa tusi refu, la kupanda na kushuka, lenye mama yangu ndani yake, ambaye ni shangazi yake wa damu, na lilipofika mwisho akavuta hewa akalianza upya. Vijana waliokuwa chini walinyanyua vichwa kuona fundi wao mkubwa ameshika simu kwa mikono miwili, analia, anasema, "Endelea. Endelea, ntani wangu."