Ng'ombe wa Mwaka wa Tatu

Bibi aliponiita nyumbani Nyansurura nimwandikie mpango wa miaka saba wa kuboresha bembea zake, nilidhani uzee umeanza kumchezea shere. Mtu wa umri wake hupanga msimu mmoja, na akiwa jasiri sana hupanga miwili. Miaka saba ni mipango ya serikali. Lakini Bibi si mtu wa kubishiwa kwa simu, kwa hiyo shule zilipofungwa nilitoka Tarime mjini, ninakofundisha, na daftari jipya, kalamu tatu, na hasira kidogo.

Nieleze kwanza hiyo bustani, maana nikisema bustani ya michezo mtu wa mjini ataona taa na foleni. Ni uwanja uliozungushiwa minyaa kando ya barabara ya vumbi. Una bembea nne, ubao wa kuteleza wa bati nene, na duara la chuma la kuzunguka ambalo fundi wa kuchomelea alilitengeneza kwa siku mbili, na tangu siku hiyo linapiga kelele. Viti vya bembea vimekatwa kwenye mkanda mnene wa mpira uliotoka mgodini, huko Nyakunguru, mpira usiojua kuchakaa. Jumapili baada ya ibada watoto hujaa mpaka wanapigana. Krismasi huja hata wa Machochwe, wamevaa viatu vipya, na wanavivua mlangoni wasivichafue.

Na Bibi mwenyewe si mama wa mama yangu, wala wa baba. Kwetu, mwanamke aliyezeeka bila kupata mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe na kuoa msichana, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake. Nyumba ntobhu, ndivyo tunavyoiita. Bibi alimwoa mama yangu. Mama akanizaa mimi na mdogo wangu, wasichana watupu. Mdogo wangu ameolewa Sirari. Mimi niliolewa, nikarudi bila mtoto, nikabaki na chaki zangu. Kwa hiyo nyumba iliyojengwa ili ipate mtoto wa kiume ilikuwa imerudi pale pale ilipoanzia, na kila mtu kijijini aliliona hilo isipokuwa mimi, niliyekuwa nasahihisha mitihani.

Vijana wa ukoo wa marehemu mume wa Bibi ndio walioliona zaidi. Walitaka uwanja urudi kuwa malisho. Hawakuwa watu wabaya. Walisema tu kwamba ng'ombe wanakosa majani wakati sisi tunafuga vyuma. Wazee wa ukoo wakampa Bibi muda mpaka mtama uvunwe, awaeleze atafanya nini na uwanja ule, na nani atakuwa juu yake yeye akishaondoka duniani. Akikosa jibu, minyaa itafunguliwa na ng'ombe wataingia. Hilo ndilo lililokuwa mbele yetu, na ndiyo sababu nilikubali kuchekesha watu kwa kuandika mpango.

Tukakaa barazani. Niliwahi kuandika mpango wa shule yetu, nikajiona mtaalamu. Nikaanza na dira.

"Dira ndiyo nini?" Bibi akauliza.

"Ni kule unakotaka kufika, Bibi."

"Mimi sitaki kufika popote. Nataka kukaa hapahapa."

Nikaruka dira. Nikaingia kwenye historia, nikamuuliza bembea ya kwanza ilitundikwa lini na kwa nini. Akatazama uwanjani, ambako mama alikuwa amepiga magoti chini ya lile duara, spana mkononi, akilipaka oili chafu kama anavyofanya kila wiki.

"Kulikuwa na mtoto analia," Bibi akasema.

Nikasubiri aendelee. Akaendelea kutazama uwanjani. Nikaandika kwamba bustani ilianzishwa kwa sababu kulikuwa na mtoto wa jirani aliyekuwa analia, nikaona imependeza.

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri: choo cha matundu mawili, maana watoto walikuwa wanakimbilia kwenye mihogo ya watu. Mwaka wa pili, tangi la maji ya mvua. Hapo nikapata moto. Nilikuwa nimekwisha kuota gurudumu kubwa lenye viti, la kumpandisha mtoto mpaka aone vilima vya mbali, na chini yake watu wa ukoo wamesimama wakitazama juu wakiwa wameshindwa. Nikasema mwaka wa tatu tuweke gurudumu.

"Mwaka wa tatu, ng'ombe kumi," Bibi akasema.

"Ng'ombe wa nini kwenye bembea?"

"Wawepo. Na wawe wazuri. Nisione aliyekonda."

"Wa maziwa?"

"Wamo wa maziwa, wamo wasio wa maziwa. Kwani wewe hujui?"

Sikujua. Nikamtazama mama, labda anisaidie, lakini alikuwa amekuja kuchukua chai yake na akarudi nayo kwenye duara. Nikafikiri sana. Watu wanatoka mbali wanakwenda Serengeti kutazama nyati, basi huenda Bibi ana akili kuliko mimi. Huenda kuna watoto wa mjini ambao hawajawahi kushika pembe. Nikaandika: banda la ng'ombe wa kutazamwa na kushikwa na watoto. Nikamsomea.

"Andika unavyotaka," akasema, "mradi wabaki kumi."

Mwaka wa nne akataka nyumba ya bati, vyumba viwili, pale kwenye kona. Nikaandika ofisi na duka la soda. Mwaka wa tano akataka bembea ndogo, yenye mkanda, ya mtoto anayekaa lakini hajaweza kusimama. Nikamwambia watoto wa hivyo hawaji bustanini, wanabaki migongoni. Akanijibu kwamba huyo atakuja. Mwaka wa saba, shule. Nikaandika chekechea. Kila nilipouliza alinitazama kama ninavyowatazama wanafunzi wangu wanapojifanya hawajaelewa swali ili nilirudie. Nilichanganyikiwa, na mimi nikichanganyikiwa huwa nakuwa mkali. Nikamwambia mpango huu hauna kichwa wala miguu. Akacheka mpaka akakohoa.

Lile la msimamizi ndilo lililonisumbua zaidi. Wazee walitaka kujua nani atakuwa juu ya uwanja, na mimi nilikuwa na mstari mtupu kwenye kila mwaka. Nikamuuliza Bibi mara tatu. "Atakuja mwaka wa tatu," akasema, hapohapo kwenye ng'ombe. Nikadhani anamaanisha mchungaji. Nikaandika mchungaji.

Wazee walikuja mtama ulipokwisha kuingia ghalani, saa tisa alasiri, wanne, na vijana wawili wa ukoo nyuma yao. Nikawaamkia shikamoo mmoja mmoja. Tukawapa benchi na togwa. Bibi alikaa kwenye kigoda chake, na mimi nikasimama na daftari kama mtu anayetaka kusoma matokeo ya mtihani. Mama alikuwa uwanjani na spana yake. Hakuna aliyemwita, na yeye hakusogea.

Nikasoma. Choo wakakikubali kwa vichwa. Tangi likawafurahisha. Nilipofika kwenye banda la ng'ombe wa kutazamwa, vijana wakaangua kicheko, na wazee watatu wakawafuata.

"Mwalimu," mmoja akasema akijifuta macho, "mtoto wa hapa anatolewa kitandani kwa fimbo aende kuchunga ng'ombe. Na wewe unataka Jumapili aje kuwatazama?"

Nikasema ni wa watoto wa mjini. Wakazidi kucheka.

Mzee wa nne, aliyewazidi wote umri, hakucheka. Alikuwa ameshikilia fimbo yake kwa mikono miwili, akimtazama Bibi.

"Shemeji," akasema polepole, "hao kumi wanakwenda kwa nani?"

"Bado hajapatikana," Bibi akajibu. "Nitamtafuta kwa watu wenye adabu. Mwenye kuoa ni huyu." Akanionyesha kwa mdomo.

Kicheko kikakatika. Mimi bado nilikuwa sijaelewa. Nasema kweli, mbele ya Mungu, nilitazama nyuma yangu kuona ananionyesha nani. Kisha mwaka wa nne ukanijia, nyumba ya vyumba viwili. Ukaja wa tano, bembea ya mtoto anayekaa. Wa saba, shule. Nilikuwa nimeandika ndoa yangu kwa mkono wangu mwenyewe, kwa wino wa bluu, nikaipigia mstari.

"Bibi," nikasema, "mbona hukuniambia?"

"Mtoto aliyezaliwa kwa ng'ombe aambiwe ng'ombe ni wa nini?"

Wazee wakaanza tena kutikisa vichwa kwa kukubali. Niliona jambo linakwenda vizuri, na hilo ndilo lililonivuruga. Ng'ombe kumi, msichana, mtoto, na uwanja unabaki wa nyumba yetu mpaka mimi mwenyewe nizeeke. Kwa desturi hakuna aliyekuwa na neno. Hata vijana wa nyuma walitazama chini. Nilihisi nimepewa heshima kubwa na wakati huohuo nimemwagiwa maji ya baridi, na sikujua niseme asante au nikimbie. Nikafikiri, kwa aibu naisema, kwamba labda tutampata msichana anayependa kusoma, nimsomeshe, isiwe vibaya sana.

Hapo ndipo mama alipokuja. Alitembea kutoka kwenye duara na mikono yake myeusi kwa oili, akasimama pembeni ya benchi. Mama huwa hasemi wazee wakiwa wamekaa. Kwa kweli mama huwa hasemi.

"Futa hao ng'ombe," akaniambia.

"Mama..."

"Futa." Kisha akawageukia wazee. "Ng'ombe walitoka hapa wakaenda kwa baba yangu, mimi nikaja. Nilikuwa darasa la tano. Nililia siku tatu. Siku ya nne huyu mama akatundika kamba kwenye mti uliokuwa pale, akafunga ubao, akawaambia majirani ni ya watoto wao." Akapangusa mikono kwenye kanga. "Watoto wao walikuwa hawalii."

Bibi alikuwa ameinamisha kichwa akitazama vidole vya miguu yake. Nilimwona akiwa mdogo ghafla, mimi ambaye maisha yangu yote nilikuwa namwona mkubwa.

"Kumbe ulijua ni ya kwako," akasema mwishowe.

"Nilikuona ukiipima kamba. Uliipima kwa kimo changu."

Mzee mkubwa akakohoa. Akauliza, kwa upole, ng'ombe wakifutwa nani atakuwa juu ya uwanja, maana hilo ndilo lililowaleta.

"Mimi," mama akasema. "Kwani kuna mwingine aliyekuwepo?"

Nikafungua daftari kana kwamba jibu la kupinga liko humo. Kurasa kumi na mbili. Nilikuwa nimeandika mchungaji, fundi, mlinzi, mwalimu wa chekechea. Mama hakuwemo hata pale palipoandikwa oili, na mimi niliandika yote hayo huku namwona akipaka oili. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona hata siku niliyorudishwa kutoka kwa mume.

Nikachora mstari juu ya ng'ombe. Mstari ukaenda upande.

"Sasa mwaka wa tatu una nini?" mzee akauliza.

Nikamtazama mama.

"Beringi za duara," akasema. "Zimekwisha. Litamwangusha mtoto wa mtu."

Wazee hawakusema ndiyo wala hapana. Wakanywa togwa yao, wakasema watakaa wenyewe, wakaondoka. Mtama umevunwa mara mbili tangu siku ile, na minyaa haijafunguliwa. Choo kipo. Vijana wa ukoo huleta watoto wao Jumapili, na mmoja wao ndiye aliyetusaidia kuinua tangi. Sijui kama huko ndiko kukubali au ni kusahau, na mama ameniambia nisiulize.

Mwezi uliopita Bibi alitaka mpango unakiliwe upya, uwe safi, bila mistari iliyokatwa. Nikaketi barazani nikaanza na historia, na hapo kalamu ikagoma. Nikitaka kuandika kwamba Bibi alimwonea mama, naiona ile kamba inapimwa. Nikitaka kuandika kwamba alimhurumia, namwona mtoto wa darasa la tano. Nilikwenda uwanjani kumuuliza mama kama bembea ile ilimsaidia.

Alifikiri huku akikaza nati. "Nilibembea mpaka nikaacha kulia," akasema. "Halafu nikashuka nikaenda kuchota maji."

Nikarudi barazani. Bibi alikuwa amesogeza kigoda karibu na meza, ingawa hajui kusoma, akaweka kidole kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la zamani na kuniuliza pale nimeandika nini. Nikamsomea: bustani hii ilianzishwa kwa sababu kulikuwa na mtoto wa jirani aliyekuwa analia.

"Hakuwa wa jirani," Bibi akasema.

Nikafuta.