Perege Tisa wa Mgeni

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, mkiniona mkali msidhani nilizaliwa na akili. Miaka ile ya vijiji vya Ujamaa, hapa kwetu Dutumi, alikuja mtaalamu wa Kizungu kuvua katika mto Ruvu kwa ndoana iliyofungwa manyoya ya kuku. Shoga yangu Zena ndiye aliyenifundisha mto, mamba wanalala wapi na perege wanakula wapi. Akamwambia mwenyekiti, "Mpeni huyu kazi ya kumwongoza mgeni. Akiharibu, na mimi msiniite tena mtoni."

Kila alipovua perege, Mzungu alimtazama kidogo, kisha samaki akamponyoka majini. Nikasema moyoni, maskini, mikono laini, hata samaki hajui kumshika. Kwa busara zangu nyingi nikakaa na tenga chini yake mtoni, maji yanakoelekea, nikamzoa kila perege aliyehema ukingoni kwa uchovu. Sikumwambia, nisimwaibishe.

Jioni, mbele ya kijiji, mgeni alisimama akasema maneno ya kwao kwa sauti ya upole. Nikajua anasikitikia samaki wake. Nikafunua tenga. "Usihuzunike, baba. Wote tisa hawa hapa, nimekuokotea."

Mwalimu wa shule yetu, aliyejua Kizungu, akatafsiri. "Mgeni anasema, samaki wote amewaachia kwa makusudi, waendelee kuzaana."

Zena akajifunga kanga. "Haya, shoga, twende tukalime."

Nilipofika nyumbani niliwaamuru wote: mgeni akiangusha kitu, mwulizeni kwanza, ndipo muokote.